Gemu ya Odhiambo

Kisumu, Jumamosi, 1997

Eti imekufa! Fundi wa redio pale soko la Kibuye hata hakuifungua. Aliitazama tu gemu ya mkononi ya marehemu kaka yangu Odhiambo, akaona mistari myeupe kwenye kioo, akanirudishia.

"Hii ni ya kutupa, Mwalimu. Na mama mzima kama wewe, gemu ya nini?"

Nikamwambia aniazime chuma chake cha kulehemu. Akacheka, lakini akanipa.

Odhiambo alikuwa akiifungua mezani kwa mama kila likizo, mimi nikimshikia tochi, kwa hiyo njia naijua. Lakini niliogopa. Nikiunguza ule utepe mwembamba wa nyaya chini ya kioo, nimeharibu kitu pekee alichoniachia. Nikaifungua hata hivyo. Nikaupitishia joto polepole. Mstari mmoja ukapotea, halafu wa pili, halafu yote.

Kioo kikawa safi. Kwenye orodha ya washindi, jina la kwanza: ODHI.

Fundi akainama akitazama kioo. Kisha akavuta kisanduku chini ya meza, ndani mna gemu tatu za wateja zilizomshinda.

"Na hizi je, Mwalimu?"

"Nitakuja Jumamosi ijayo. Lakini usimwambie mtu ni wewe uliyezitengeneza; sema ni mimi."

Nimerudi nyumbani, baba mdogo anasema mwanamke kukaa na mafundi sokoni ni aibu kwa boma letu. Aseme. Jumamosi ijayo nitakaa kwenye benchi la mbele, Kibuye yote inione.