Nyasi za Sakafuni

Mwanza, Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni Editha wangu, basi naye namsalimu hapohapo alipokaa, asome polepole asiruke mstari. Goti lako linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Yule mbuzi mwekundu ameshazaa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii, na sababu nitakueleza.

Kazi bado ni ileile, kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Chumba nilichopanga kiko mlimani kwenye mawe. Mvua ikinyesha, maji yanapita chini ya mlango na godoro nalipandisha mezani. Mwenye nyumba hataki tuwashe kuni, anasema moshi unaharibu dari yake.

Wiki iliyopita Ta Erasto, fundi cherehani wa hapo Nyabiyonza, alikuja huku kutafuta vitambaa akanipitia. Nilimpa chai, nikamwuliza habari za nyumbani. Alikizungusha kikombe muda mrefu.

"Mama Editha, shemeji yako Laurenti ameweka magunia ya kahawa sebuleni kwako."

"Si vibaya," nikasema, "mvua zimeanza."

"Na anasema baada ya Krismasi atamwingiza humo mwanawe na mkewe. Anasema wewe ulihama mwenyewe, kila mtu aliona."

Mama, nilihama lini? Sufuria zangu zote zimo humo. Koti la mume wangu marehemu Deo linaning'inia nyuma ya mlango. Siku ya kuondoka nilitia mkono mfukoni nikakuta maganda ya karanga, nikayaacha humohumo.

Jibu nililipata mahali nisipotarajia. Kanisani kuna mtawa anayetukusanya sisi wanawake wa vyumba vya kupanga. Alitugawia karatasi na penseli za rangi, akasema kila mmoja achore nyumba anayoiita yake, kisha aisimulie. Tulicheka sana, wengi hatujachora tangu shule. Mama mmoja wa Ukerewe alichora kitanda peke yake, akasema vingine vyote ni vya mwenye nyumba. Mwingine alichora kufuli kubwa kuliko mlango, maana alirudi kutoka sokoni akakuta mumewe amebadilisha kufuli. Hapo hatukucheka.

Mimi nilichora ya kwetu. Nilianza na migomba, ikajaa karatasi. Devota, mzaliwa wa Bweranyange ninayefua naye, akanitania: "Wee dada, nyumba imemezwa! Mgeni ataingilia wapi?" Nikauondoa ukuta wa mbele ili ndani paonekane. Nikachora mafiga, kitanda, na nyuma kabisa kaburi la Deo karibu na miramura, ile miti ya mpaka wa shamba. Devota akainama kutazama, mzaha ukamwisha.

"Mbona sakafu tupu? Nyasi za kutandika ziko wapi? Wenyewe wamehama?"

Niliweka penseli chini, Mama. Nilikuwa nimechora kama nilivyoiacha. Asubuhi ile nilizoa nyasi zote nikazimwaga migombani, kwa kuogopa viroboto wangezaliana humo wakati sipo. Niliwaza nikirudi nitatandika mpya. Sikufikiria anayepita njiani ataona nini: mjane ametoa nyasi, amefunga mlango, amepanda gari. Kwetu nani hutoa nyasi bila kutandika nyingine, kama si anayeiacha nyumba? Laurenti aliliona hilo. Kama aliamini kweli au alipenda kuamini, sijui.

Sitaki ugomvi. Laurenti ni mwanao kama Deo alivyokuwa, na najua nakuweka pagumu. Lakini siku moja tukimenya ndizi uliniambia kwamba ulipofiwa ulilala mlangoni, mtoto mgongoni, ukiogopa kutolewa. Ndiyo maana nakuomba wewe kabla ya wazee wa ukoo. Kateni nyasi, mtandike sakafu yote. Uwashe moto kwenye mafiga yangu, na mlale humo wewe na Editha. Magunia yasogezwe tu ukutani, asitukanwe mtu.

Picha yenyewe nimeikunja humu. Hiyo haihitaji wa kukusomea. Nimeirudia nikajaza nyasi sakafuni, penseli ya kijani imebaki kipande kisichoshikika. Ibandike sebuleni, wanaoingia waione.

Nimeomba ruhusa kazini. Tajiri hajajibu, lakini akubali akatae, kabla ya Krismasi nitakuwa nimefika.

Nisalimie mama mkubwa wa Kiruruma anayenitunzia mbegu za maharage, na katekista wetu aliyekesha nasi siku za msiba. Editha usiende mtoni peke yako. Laurenti naye mpe salamu zangu kwa heshima, na barua hii asifichwe. Mwambie nimesafiri, sijahama.

Mimi mwanao,
Paskazia, mke wa Deo