Shemeji Anataka Nijaze Namba za Mahindi Ambayo Hayakupimwa

Shangazi Gwantwa mpendwa, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla sijafanya jambo nitakalolilia maisha yangu yote. Mimi ni binti wa Hasamba, nafanya kazi Tunduma kwenye ghala la mahindi, kitengo cha kompyuta, na aliyeniingiza pale ni shemeji Osea, mume wa dada yangu Jenista, ndiye aliyenifundisha kazi yenyewe tangu nikiwa sijui hata mashine inawashwaje.

Kazi ni hivi. Kila shehena ikiingia inapimwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi yaliyovunwa na unyevu, jibu linaingizwa kwenye hifadhidata, halafu programu yetu inalisoma na kuandika kwenye skrini INARUHUSIWA au ZUIA. Programu ni ya siku nyingi, maswali ya hifadhidata yamepachikwa humo humo ndani ya msimbo, na zamani ilikuwa inazungumza na hifadhidata ya kulipia, mpaka bosi alipokataa leseni tukahamia hii huria ambayo ni ya bure. Sasa hii huria inafuata kiwango cha kimataifa: ukiiuliza jibu la kipimo ukakuta patupu, na programu yako haikuandaa alama ya kupokea utupu, inakataa, inasimama na kutoa kosa. Yetu haikuwa na alama hizo hata mahali pamoja, ikawa inakwama kila saa, malori yamejipanga, madereva wanatukana, na shemeji badala ya kukaa tuziongeze moja moja akawasha swichi ya kuiga ile hifadhidata ya zamani, ambayo penye utupu haisemi kitu, inakupa neno tupu tu, na programu yetu ikiligeuza lile neno tupu kuwa namba inapata sifuri, na sifuri ya sumu, shangazi, maana yake mahindi ni safi kabisa, INARUHUSIWA. Makosa yakaisha, tukapongezwa, hadi soda tulinunuliwa.

Msimu huu mvua zilichelewa kukatika na vifaa vya kupimia vikaisha, mahindi ya bonde la Msangano yakawa yanaingia bila kupimwa na yote yanatoka na sifuri. Niligundua nilipoizima ile swichi kwenye mashine yangu kwa kujaribu tu, programu ikakwama kwenye shehena ya kwanza, nikaangalia sehemu ya kipimo, hakuna kitu, inayofuata hakuna kitu. Na sehemu ya mahindi hayo imekwenda shule ya bweni (jina la shule nimelitoa mimi Shangazi Gwantwa kabla ya kuchapa, na ya watu nimeyabadilisha), na Mercy, mpishi wa pale ambaye tunaimba naye kwaya, ameniambia kuna watoto wanatapika na macho yamekuwa ya njano, wao wanadhani ni malaria.

Nilimwambia shemeji. Akasema, "Shemeji, mahindi ya bondeni tumekula tangu utoto, nani alikufa? Wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Wewe pale penye matundu jaza namba ndogo ndogo, mbili, tatu, hakuna atakayejua." Nikamwambia hapana, akasema basi nimpeleke jela mwenyewe halafu nikampokelee dada mtoto hospitalini, maana Jenista mimba yake imekua na presha inampanda. Mama naye nilipomdokeza kasema mambo ya ndani hayatoki nje. Sijajaza bado. Silali, sili. Shangazi, nifanyeje ili watoto wapone na dada yangu asiharibikiwe?

Mimi mwenye mateso, Tunduma.

SHANGAZI GWANTWA ANAJIBU

Binti yangu, marahaba, na pole sana. Sasa futa machozi nikugombeze.

Umeandika barua, ukampa kondakta wa basi, ikalala ofisi ya vifurushi, ikanifikia Jumanne. Gazeti linatoka Ijumaa. Wewe una simu mkononi, na Mercy mnaimba kwaya moja! Hebu jiulize hao watoto wamekula ugali mara ngapi huku wewe ukisubiri ukurasa wangu.

Mambo ya msimbo siyajui. Ya jikoni nayajua: chungu ambacho hujaonja huwezi kusema hakina chumvi. Hiyo hifadhidata yenu ya bure iliwaambia ukweli, ilisema "sijui", ikakataa kuendelea. Ninyi mkaifunga mdomo kwa sababu ya foleni ya malori, kisha mkanywa soda.

Shemeji yako namtetea kwa hili moja tu: alipowasha swichi huenda hakufikiria itafika huku. Leo anajua. Anayekuambia ujaze namba ni mtu anayejua, na anataka mkono uwe wako. Hilo hukuliona? Wakaguzi wakikuta mbili na tatu ulizoingiza wewe, jela atakwenda nani? Na mama yako mwambie kwa heshima zote kwamba haya si mambo ya ndani tena, yalishatoka nje, yalitoka kwa lori.

Kwa hiyo usijaze hata tundu moja. Toa nakala ya hifadhidata kama ilivyo leo, uikabidhi kwa wakaguzi mkononi, usimtume mtu. Swichi ya ghalani izime. Programu ikwame, malori yajipange mpaka Nakonde kule Zambia, madereva watukane wanavyotaka. Kisha kaeni muongeze hizo alama kila mahali kiwango kinapozitaka, na penye utupu skrini iandike HAIJAPIMWA, na lori lisitoke. Ni kazi ya kuchosha. Ndiyo kazi mliyoajiriwa kufanya.

Jenista mwambie wewe mwenyewe, mkiwa kliniki, nesi akiwa karibu, kabla hajaambiwa na polisi mlangoni. Atakuchukia. Pengine mtoto atazaliwa baba yake akiwa mahabusu, na nyumba ile hutakaribishwa tena. Kazi pia unaweza kuipoteza. Sitakudanganya kama skrini yenu. Umeniuliza ufanyeje watoto wapone na dada asiharibikiwe. La dada sina jibu, mwanangu, nimelitafuta sikulipata.

La watoto sikungoja Ijumaa. Jumanne hiyo hiyo nilimpigia mganga mkuu wa wilaya nikamsomea barua yako, na mchana magunia yaliyobaki yalitolewa stoo ya shule. Watoto wamepelekwa hospitali kubwa. Wawili hawakufika hai. Mmoja alikuwa darasa la tano.

Jina lako sijalichapa hapa. Kule wilayani nimelitaja, na la shemeji yako pia. Watakupigia leo, ukiona namba usiyoijua, pokea.