Kinanda cha Volti Mia na Kumi

Jumapili, Ziwani

Shemasi Kamau nisimwone wiki hii, nitamtukana.

Kinanda alicholetea kanisa kutoka Amerika kimeandikwa mgongoni: volti 110. Stima yetu ni 240. Nilimwambia tungoje transfoma ya kushusha volti. Yeye akanunua adapta, ile ya kubadilisha miguu ya plagi tu, akaichomeka kwa ukuta mbele yangu.

“Si imeingia, dada? Punguza woga, ongeza imani.”

Imeingia! Hata msumari huingia kwa soketi.

Ibada ikaanza, nikapiga wimbo mmoja. Pasta akaanza kuomba moto ushuke, na papo hapo moshi ukatoka chini ya vidole vyangu. Nikapiga kelele, “Moto! Moto!” Kanisa zima likajibu, “Amina!” Nikazidisha kelele, wakaanza kuruka. Nikakimbia kuchomoa plagi mwenyewe, huku wakinipigia makofi.

Nilidhani nitaambiwa pole. Baada ya ibada Shemasi akaniita kando, akasema kinanda kimeungua kwa sababu nilikipiga nikiwa na mashaka.

Sasa anangojea amplifaya kutoka huko huko Amerika. Ataichomeka yeye. Mimi nitakaa karibu na mlango, niseme Amina.