Dakika Nne Ulizokaa Benchi

Ghorofa ya tatu,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote, na kwamba ule mgongo uliokusumbua mwezi uliopita umekubali kukaa mahali pake. Mimi sijambo. Goti la kulia bado linatabiri mvua kabla ya redio, na ngazi za jengo hili zinaongezeka kila mwaka ingawa sijaona fundi akizijenga, lakini nakula, nalala na nasoma. Daktari amenipima na kusema moyo wangu ni wa kijana. Nikamwambia bora uliambie na goti.

Utashangaa kupokea karatasi badala ya sauti yangu kwenye simu. Ukweli ni kwamba kwenye simu mimi ni mwoga. Nikianza jambo zito, wewe unaniuliza nimekula nini, nami moyoni nakushukuru kwa kunikatiza. Jambo la leo linahusu fainali ile, na swali uliloniuliza kwenye korido nje ya chumba cha kubadilishia nguo: kwa nini nimekutoa? Uliniuliza mara moja tu. Miaka thelathini na nane imepita na hujarudia tena. Tumeandikiana kuhusu ndoa, misiba, watoto, meno na bei ya sabuni, lakini mpira wa kikapu haujawahi kutajwa kati yetu. Jibu nililokupa jioni ile halikuwa kweli, na leo nakuandikia lililo kweli. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata kama utakasirika katikati.

Nianzie huku. Unajua kwamba tangu niache kufundisha, chama cha makocha hunialika kila mwaka nizungumze na wenzangu. Tunakutana Jumamosi moja katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya sekondari iliyo nyuma ya kituo cha mabasi. Sakafu yake ya mbao imelika chini ya vikapu vyote viwili, na viti ni vya wanafunzi, kwa hiyo watu wazima wenye matumbo yao wanakaa magoti yakigusa kidevu. Wengi si makocha wa kazi. Yuko karani wa posta, yuko muuza miwani, na yuko Fundi Bomba, ambaye hufika na mkoba wake wa spana kwa sababu wateja wake hawajui kuna siku ya mapumziko. Humo kwenye viti vidogo huitana Kocha, kila mmoja, kwa heshima zote.

Nawapa kidogo nilichonacho. Nawaambia mchezaji aliyechoka wamtazame miguu, wasimtazame uso, maana uso huwa unajikaza. Nawaambia kwenye mapumziko mafupi wasiseme zaidi ya mambo mawili, kwa sababu la tatu linalifukuza la kwanza. Nawaambia mchezaji wanayemtoa wampe sababu kabla hajafika benchi, la sivyo atajitengenezea yake, na hiyo atakayojitengenezea itakuwa mbaya kuliko yoyote. Hapo ndipo, kila mwaka, wananiomba hadithi ya dada.

Niiandike kama ninavyoisimulia, ili ujue nimekufanya nini huku ugenini. Nasema nilikuwa na mdogo wangu, fulana namba nne, ambaye watazamaji walimwita Sindano kwa jinsi alivyopenya katikati ya watu warefu. Zimebaki dakika nne, tuko nyuma kwa vikapu viwili. Natazama mikono yake, naona inatetemeka. Kila mtu ukumbini anajua ni dada yangu, tumbo moja. Namtoa. Namwingiza binti wa fundi saa, msichana mkimya ambaye msimu mzima hakuwa amecheza hata robo moja kamili, na tunashinda kwa pointi moja. Halafu nawaambia kwamba kocha hutazama mikono, hatazami udugu. Wanaandika kwenye madaftari. Gazeti la kwetu lilikwisha kuandika hivyo hivyo wakati ule, nawe unakumbuka: picha yangu nikiwa nimekunja mikono, na wewe kwa nyuma umejifunika taulo kichwani.

Hadithi hiyo nimeisimulia mara ishirini na sita. Imenipa jina. Mwenyekiti wa chama hunitambulisha kwayo hata kabla ya kutaja vikombe.

Mwaka huu nilipoimaliza, alisimama mama mmoja aliyekaa nyuma, mwalimu wa hesabu anayefundisha timu ya wasichana. Hakuwa na maneno mengi. Alisema aliisikia hadithi hiyo mwaka jana na ikamkaa. Basi wiki tatu zilizopita, kwenye mechi kubwa, alimtoa mchezaji wake bora na kumwambia mbele ya wenzake kwamba ameona woga kwenye mikono yake. Timu ilishinda. Tangu siku hiyo yule binti hajakanyaga mazoezini. Kila jioni mwalimu anamwona dukani kwa mjomba wake akipanga makopo, na binti akimwona mwalimu wake huinama chini ya kaunta kama anayetafuta kitu. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, dada yangu alirudi mazoezini baada ya siku ngapi?

Mdogo wangu, nilishika kiti. Wote waligeuka kunitazama wakisubiri jibu la kuandika. Nilikuwa na uwezo wa kusema siku mbili, au wiki moja. Nilikwisha kulifungua domo. Lakini nilimwona yule binti chini ya kaunta, kisha nikakuona wewe ukikunja fulana yako juu ya kitanda cha mama, ukiipanga pembe kwa pembe, na ukimpa mama akapangusie vyombo. Wateuzi wa timu ya taifa walikuja Jumatano iliyofuata, wakakaa kwenye ngazi za uwanja saa nzima wakikungojea. Hukwenda. Nilidai kwa watu kwamba unaumwa. Kabla mwaka haujaisha mimi nikaondoka nchini na sanduku moja, kwa sababu unazozijua, nikakuacha na jibu langu.

Nikamwambia mwalimu kwamba dada yangu hakurudi kamwe. Kisha nikawaambia yaliyotokea. Ni aibu yangu kwamba watu arobaini wameyasikia kabla yako, na kwa hilo pia nakuomba radhi.

Unakumbuka kwamba siku ile msaidizi wangu alikuwa amelazwa kwa homa, kwa hiyo faulo nilikuwa naziandika mwenyewe kwenye kipande cha karatasi huku nikipiga kelele na kuelekeza watu. Ulikuwa na faulo nne. Ukipata ya tano, kwaheri, unatoka na hurudi. Zikiwa zimebaki dakika nne, filimbi ikalia chini ya kikapu chetu, mmelundikana watu sita. Mwamuzi akaigeukia meza kuonyesha namba ya aliyekosea. Nikaona vidole vinne. Nikajua ni wewe, na ni ya tano, umekwisha. Sikutaka usubiri kuondolewa na meza mbele ya ukumbi mzima, kwa hiyo nikageuka haraka, nikamsukuma binti wa fundi saa aingie, nikakuita kwa mkono. Ulikuja unanitazama bila kuelewa.

Nilipogeukia meza tena, mwandishi wa alama alikuwa ameinua kibao kinachoonyesha mchezaji amefikisha faulo ngapi. Kilikuwa na namba mbili. Faulo ya pili, wakati yako ingekuwa ya tano. Hapo ndipo nilipoelewa. Unajua jinsi waamuzi wanavyoonyesha namba kumi na nne: ngumi moja kwa kumi, na vidole vinne vya mkono wa pili. Ngumi ilifichwa na bega la mchezaji wao mrefu. Mimi niliona vidole tu. Faulo ilikuwa ya namba kumi na nne, yule msichana wetu wa miguu mirefu, na wewe hukuwa hata umegusa mtu.

Hilo ni kosa, na kosa la aina hiyo kocha yeyote anaweza kulifanya. Kilichofuata hakikuwa kosa. Mchezo ulisimama mara tatu kabla ya mwisho, na mara zote tatu ningeweza kukurudisha. Mara ya kwanza binti wa fundi saa alikuwa ametoka kufunga kikapu, watu wanalitaja jina lake, na nyuma yangu mzee mmoja akapiga kelele kwamba huyu ndiye kocha, hana cha dada wala shangazi. Nikaona utamu. Mara ya pili nikajiambia nikikurudisha sasa, watauliza kwa nini nilikutoa, na nitaonekana kocha asiyejua kuhesabu mpaka tano. Mara ya tatu sikujiambia kitu. Nilikunja mikono tu. Ndivyo walivyonipiga picha.

Tulipotoka, ukaniuliza. Nilikuwa na ukweli mdomoni. Nikakuambia nimeona mikono yako ikitetemeka, na kwamba woga si dhambi.

Nilipomaliza kuwaeleza, nilikiachia kile kiti. Nilijua jina langu limekwenda na maji, na nilikuwa tayari kuokota koti langu. Ndipo Fundi Bomba akaangua kicheko, kile cha tumboni, akasema kumbe mzee umetulisha miaka ishirini na sita hadithi ya mikono na huku ni ya vidole. Mtu akamwambia anyamaze, akajibu kwamba hanyamazi, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kupanga timu ya watu wanne badala ya watano uwanjani robo nzima na akadai ni mbinu. Karani wa posta akasema afadhali wewe, mimi niliwapa vijana mbinu ya kushambulia kikapu chetu wenyewe baada ya mapumziko, na nikamfokea aliyegoma. Wakaanza, mmoja baada ya mwingine, watu wazima kwenye viti vya watoto, kila mmoja na lake. Hakuna aliyeandika kitu kwenye daftari. Katika miaka yote ya kuwapa hekima zangu, hiyo ndiyo siku niliyoona wamejifunza.

Mwenyekiti hakucheka. Alinifuata kwenye mlango na kusema kwamba amenisikia, lakini atahitaji muda. Namwelewa. Wewe pia unaweza kuhitaji.

Mwalimu wa hesabu hakungoja chai. Alikwenda moja kwa moja dukani. Alinipigia simu juzi kunieleza. Binti aliinama chini ya kaunta kama kawaida, na mwalimu akaongea na kaunta. Alisema hakuona woga wowote, alikariri hadithi ya mtu mwingine, na anaomba msamaha mbele ya mjomba na wateja kama alivyomwaibisha mbele ya wenzake. Kisha sauti kutoka chini ya kaunta ikauliza, mazoezi bado ni saa kumi na moja? Jumanne alikuja, akachelewa dakika kumi, na mwalimu akamzungusha uwanja kama mchezaji mwingine yeyote. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikakaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikahisi kifua kimekuwa chepesi, kama mtu aliyeshusha mzigo ambao alikwisha kusahau kwamba ameubeba. Kuusahau huko ndiko kunakonitia aibu zaidi, maana nina hakika wewe hukuusahau wako.

Yule binti amekosa wiki tatu. Wewe ulikosa yote, na siwezi kukurudishia hata dakika nne zile. Ninachoweza ni kukupa sababu ya kweli, japo umekwisha kufika benchi zamani. Hukuwa na woga. Ulikuwa na faulo nne na ulikuwa unacheza vizuri kuliko nilivyowahi kukuona ukicheza. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako, nikakutazama mikono ulipokuwa ukikaa chini, na ilikuwa imetulia kabisa. Iliyokuwa ikitetemeka ni yangu. Ndiyo maana niliikunja.

Usiharakishe kunisamehe kwa sababu mimi ni kaka na nimezeeka. Kama una neno kali, liandike lote, nami nitalisoma nikiwa nimekaa vizuri.

Msalimie shemeji na umwambie nimepokea picha. Mke wa mdogo wetu mpe pole zangu za safari. Na wapwa zangu, pamoja na wale wadogo wanaoniita babu wa kwenye simu, wabusu wote kwa niaba yangu, kisha waketishe uwaambie kwamba mama yao, bibi yao, alikuwa Sindano, fulana namba nne, na kwamba siku ya fainali alitolewa uwanjani bila kosa lake. Wakikuuliza nani kasema, waambie ni kocha wake.

Nakutakia afya na utulivu wa moyo.

Ni mimi,
kaka yako.