Jiwe Kando ya Jeki

Burat,
Isiolo.
14 Julai 2025

Mpendwa Mjomba Mworia,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwa dada yako, ambako jua limewaka tangu Mei na mfereji umebaki na maji ya kulowesha visigino tu. Habari za Mwanza? Natumaini kile kifua kimekupa nafasi ya kupumua, na kwamba Mama Mwendwa na watoto hawajambo. Sisi tuko salama, ingawa tumechoka, na uchovu wenyewe si wa kazi.

Kuna swali nililopambana nalo kwa miezi mitatu sasa. Aliyesoma anapomfafanulia mzazi wake jambo asilolijua, je, anamwonyesha njia au anamsukuma? Kwa miaka kumi na sita ya ualimu niliamini kwamba jibu lake ni rahisi.

Ningepiga simu, lakini Mama husikia kila neno kupitia ukuta wa mbao, na ninalokuuliza ningependa ulisome ukiwa umeketi.

Mgongo wake umefika mahali pabaya. Ile diski iliyo kati ya mifupa miwili ya kiuno imebonyea, mifupa imekaribiana, na inabana neva inayoshuka mguuni. Kutoka langoni hadi kwenye vitunguu vyake hupumzika mara tatu. Tangu Pasaka mguu wa kushoto umeanza kuburuta vumbi, na tumeambiwa kwamba tukikawia sana, huenda nguvu za mguu huo zisirudi.

Mwezi wa Aprili tulimwona daktari wa mgongo anayekuja Meru mara moja kwa mwezi, Daktari Abdinur, kijana mpole aliyezaliwa hapa hapa Isiolo. Anataka kuiunganisha mifupa hiyo miwili iwe mmoja, na kati yake aweke kifaa cha chuma kidogo kuliko kiberiti. Kifaa hicho huingizwa kikiwa kimejikunja, ili neva isivutwe sana. Kikishakaa mahali pake, daktari hukizungusha kwa bisibisi ndefu, nacho hupanda polepole hadi nafasi iliyopotea irudi.

Alipofika hapo Kiswahili kilimwishia. Akanigeukia: "Mwalimu, nisaidie. Hiki tumwambie ni nini?"

Nami, Mjomba, nikajibu bila kufikiri: "Ni jeki, Mama. Ni jeki ndogo."

Daktari alifurahi sana. "Hasa! Jeki!" akasema, akizungusha mpini usiokuwapo. Mama alijifunga leso yake, akachukua mkoba, akatoka. Nilimkuta nje, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, akaniambia maneno ambayo bado yananiuma: "Wewe Kagendo, ulisoma mpaka ukasahau?"

Unajua alichomaanisha. Baba alifia chini ya lori jeki ilipozama kwenye mchanga, ng'ambo ya Biliqo, nawe ndiye uliyekuwa naye. Mtu husahau vipi kilichomuua baba yake? Nimejipa majibu mengi. Huenda masomo yameyageuza mambo yetu kuwa mifano tu, nikachukua mfano uliokuwa karibu. Huenda pia kuna sehemu yangu iliyotaka akatae, kwa sababu naogopa ile miezi ya kumwogesha na kumgeuza kitandani baada ya upasuaji, kisha nije kulaumiwa. Sijui. Kila nikichagua jibu moja, lile lingine hunicheka.

Kwa wiki tisa hakutaka kusikia habari za hospitali. Natabo, jirani yetu Mturkana anayemchotea maji, alijaribu kumchokoza: "Mama Kagendo, enda tu. Wakikuinua sana, tutakutumia kama mlingoti wa simu, tupate network ya bure." Mama alicheka hadi akashika kiuno kwa maumivu, lakini hakubadili msimamo.

Kisha wiki mbili zilizopita, akiwa anachambua kunde, akasema, "Turudi kwa huyo kijana. Kuna kitu sikumwuliza."

Tulirudi. Hakumsalimia hata sawasawa. "Daktari, chini ya jeki yako kuna nini?"

Daktari aliweka picha ya mgongo kwenye mwanga, akaitazama kwa muda. "Mama, sitakudanganya. Mifupa yako si mwamba. Lakini pia si mchanga."

"Ni nini basi?"

"Ni udongo wa shamba."

"Wa kiangazi ama wa mvua?"

Daktari akacheka, halafu akaacha kucheka. Alimweleza kwamba mifupa imepungua nguvu kwa sababu ya umri, na kwamba akikiinua kile kifaa hadi mwisho kinaweza kuizamia. Kwa hiyo atakiinua kiasi tu. Ndani na kandokando atajaza vipande vya mfupa wake mwenyewe, na skrubu zishike kwa nyuma. Alikiri hata kwamba wataalamu bado wanabishana kama kifaa kinachopanuka kinakishinda kile cha kawaida. "Jeki ni ya kuinua tu," akasema. "Mfupa ukiota, huo ndio utakaoshika."

"Na usipoota?"

"Basi tutakuwa tumeacha gari juu ya jeki, Mama."

Nilidhani jibu hilo limeharibu kila kitu. Kumbe ndilo Mama alilolitaka. Baba alikuwa akisema hivyo hivyo hapa mezani: jeki huinua, jiwe hushika, na asiyeweka jiwe asiingie chini ya gari. Tulipofika nyumbani Mama alikaa kizingitini, akaniambia: "Muulize Mworia kama siku ile waliweka jiwe chini ya gari. Kama waliliweka na gari likashuka tu, nitabaki na mguu wangu huu. Kama hawakuliweka, nitalala kwa kitanda cha huyo kijana."

Miaka ishirini na mmoja hajawahi kukuuliza.

Siku aliyopangiwa ni tarehe nne Agosti. Nami nitakuwa mkweli kwako: natamani ujibu kwamba hamkuliweka, kwa maana jibu hilo ndilo litakalompeleka hospitalini. Lakini najua jibu hilo linamlaumu nani, na nadhani najua kwa nini ulihamia mbali namna hiyo. Kwa hiyo sikuombi jibu litakalomsaidia. Nakuomba lililo kweli, na umwambie mwenyewe, si kupitia kwangu. Mimi nimekwisha kumfafanulia ya kutosha.

Kama mkasa wa mchangani unapaswa kuamua juu ya mfupa wa mtu, sijui. Darasani ningesema haupaswi. Hapa kizingitini siwezi kusema hivyo, kwa kuwa swali lake kwa daktari lilikuwa bora kuliko yangu yote, na lilitoka huko huko mchangani. Ndiyo maana swali langu la mwanzo linabaki wazi.

Natabo anakusalimu, ingawa hakujui. Dada yako hajatuma salamu. Amesema atakusalimu ukipiga. Tangu juzi simu yake iko kwenye mfuko wa aproni, na huiangalia kila anapopumzika njiani.

Mungu akulinde na akupe maneno.

Mpwa wako akupendaye, vyovyote utakavyojibu,
Kagendo