Moyo wa Mpangaji

Jumanne, 4 Machi
Kliniki. Mkunga mpya, mpole, ila kwa kuuliza kanishinda — na mimi ndiye saluni wananiita Bibi Maswali. Presha, sukari, mimba zilizopita. Kisha: kwenye familia zenu kuna aliyezaliwa na tatizo la moyo? Hakuna, nikasema. Halafu nikakumbuka kovu la mume wangu, lile refu la katikati ya kifua. Alipasuliwa akiwa mdogo. Mkunga akaacha kuandika. Basi mtoto apimwe moyo, akasema, humo humo tumboni.

Sikujua inawezekana. Mpangaji wangu ana miezi mitano tu humu ndani! Moyo wenyewe una ukubwa gani? Akanionyesha ukucha wa kidole gumba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemuuliza mume wangu alipasuliwa nini hasa.
"Moyo."
Moyo najua. Sehemu gani?
Hajui. Fundi wa makabati, anakumbuka kila bawaba aliyofunga jikoni kwa watu, na kilichoshonwa kifuani mwake hajui. Akanuna. Baadaye, mgongo kanigeuzia: "Muulize mama."

Jumapili, 9 Machi
Kwa mama mkwe. Alikuwa anakunja nguo, nikashika ncha ya pili ya shuka, nikaanza kwa mbali. Hakunizungusha. Mume wangu alipokuwa mdogo, akicheza kidogo tu alichuchumaa, midomo ikawa ya bluu. Kulikuwa na tundu ndani ya moyo, na njia ya damu kwenda kwenye mapafu ilikuwa nyembamba. "Mwanangu, daktari alisema mengi. Mimi nilishika moja tu: atapona." Baada ya upasuaji waliambiwa arudi kila mwaka. Walirudi mpaka alipoanza kucheza mpira kama wenzake. Wakaona yameisha.

Tumefika kwenye foronya ndipo akauliza, hanitazami: "Kwani ni mimi niliyempa?"
Sijui, mama. Nitauliza.

Jumatano, 12 Machi
Mteja wangu wa siku nyingi, kichwa ndani ya draya, anapiga kelele ili asikike: usipimwe, utajitafutia presha bure. Wakikuta kitu utafanya nini?

Swali zuri. Nimesuka upande wote wa kushoto wa mteja mwingine nikilifikiria. Mkunga alisema wakijua mapema, unazalia palipo na madaktari wa moyo, si mtoto kukimbizwa na gari la wagonjwa. Basi hilo ndilo nitafanya. Na pia — nataka kuuona. Nani amewahi kuuona moyo wa mwanawe?

Ijumaa, 14 Machi
Mume wangu hatakuja kwenye kipimo Jumatatu, ana kabati la mtu. Akamaliza chai. Kisha: "Wakimkuta na tundu kama langu?"
"Atakuwa amefanana na wewe. Masikio nilishayasamehe."
Akacheka bila kutaka. Anakuja.

Jumatatu, 17 Machi
Niko kwenye benchi la korido. Naandika kabla sijasahau.

Lifti mbovu, tulipanda ngazi. Chumba chenye giza, daktari mwanamke, miwani kaipandisha kichwani. Nikamweleza tundu la mume wangu na ile njia nyembamba. Akapaka ile jeli ya baridi, akatafuta, akatulia. Huo hapo. Vyumba vinne, vidogo, vinafumba na kufumbua mbio mbio. Akaonyesha mishipa miwili mikubwa inapopishana. Ikipishana hivi ni vizuri. Akawasha rangi, nyekundu na bluu. Nyekundu ni damu safi? Hapana, ni damu inayokuja upande wa kifaa alichoshika, bluu inaondoka. Kumbe! Nikauliza na la mama mkwe. Mara nyingi hakuna anayempa mtu, akasema, hutokea tu.

Hajaona tatizo. Kuna vitu vidogo havionekani kabla ya kuzaliwa, hivyo ataangaliwa tena akitoka. Nikalia kidogo. Mume wangu alikuwa anahema, nikadhani ni furaha.

Daktari akawasha taa. Akamtazama yeye, si mimi.
"Baba, bado unahema?"
"Ni ngazi."
"Ngazi za saa ile? Mara ya mwisho wewe ulipimwa lini?"
Akanigeukia mimi, kama mtoto aliyeulizwa darasani. Nikajibu: tangu utotoni. Daktari akasema aliyepasuliwa namna hii huangaliwa maisha yake yote. Ile njia ya mapafu iliyopanuliwa, miaka ikienda, valvu yake, kile kilango cha damu, huanza kuvuja polepole, na mwenyewe anazoea. Akampigia simu mwenzake wa chumba cha pili. Leo hii, akasema, asiondoke.

Sasa yuko humo. Shati lake ninalo mimi, limelowa jasho mgongoni.

Mama mkwe amepiga simu. Moyo vipi? Mzima, nikamwambia. Akashukuru, akashukuru tena. Akasema, hebu nipe baba mtu nimpongeze.

Nimemwambia ametoka kidogo.

Mlango bado umefungwa. Namsikia daktari ndani: vuta pumzi, ishikilie. Achia. Tena.