Ka-di-o-ma-yo-pa-thi

Kilema, Moshi
14 Juni

Kwa kaka yangu mpendwa Primus,

Shikamoo kaka. Hamjambo huko Songea, wewe, wifi na watoto? Sisi tunamshukuru Mungu, ila mama anakohoa kidogo kwa baridi hii. Naandika kwa sababu simu zetu hupokei, na kichwa chako nakijua, kigumu kama cha marehemu baba.

Mwezi uliopita nilianguka shambani nikipalilia kahawa. Aliyenibeba hadi barabarani ni baba mdogo Ebenezeri, na uzee wake ule. Najua hutaki kulisikia jina lake. Soma tu.

Hospitalini Moshi, Daktari Disha akautaja ugonjwa wangu. Jamani, jina refu kama treni! Alicheka, akanikatia vipande: ka-di-o-ma-yo-pa-thi. Akasema asili yake ni Kigiriki: kardia ni moyo, mys ni msuli, pathos ni maumivu. Basi, msuli wa moyo unaumwa. Nyumbani mama alilifanyia mazoezi akimenya ndizi, kila akifika kwenye "mayo" ulimi unateleza, tukacheka mpaka machozi.

Kisha daktari aliniuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuanguka ghafla. Nikamsimulia habari za baba: alivyopokea kata ya pombe ya mbege kwa baba mdogo, akanywa, akainuka, akaanguka pale pale. Daktari akasema ugonjwa huu mara nyingi hurithiwa, na huenda ndio uliomchukua.

Kaka, miaka yote hii unasema baba alitiliwa sumu. Baba mdogo aliionja mbege ile kwanza, kama ilivyo desturi yetu, wewe ukasema sumu aliitia baada ya kuonja. Tangu msiba hujakanyaga nyumbani.

Sasa nikuambie linaloninyima usingizi. Huenda na wewe unao. Daktari anataka ndugu wote tupimwe, na mimi naogopa, kaka, naogopa sana. Nenda wiki hii hii. Jina si unalo hapo juu, mwonyeshe daktari wa huko.

Humu ndani ya bahasha utakuta jani la isale, la kuombea radhi. Amelichuma baba mdogo mwenyewe. Nilimkatalia, nikamwambia aliyekosa ni Primus, na jani alipaswa kulileta yeye. Akanijibu kwamba hana muda wa kukungoja: upimwe moyo kwanza, ya radhi mtayamaliza ukifika.

Wabusu watoto. Mama anakusalimu, na kitanda chako amekitandika.

Ni mimi mdogo wako,
Gladness